Wavu wa nusu inchi: panya buku kanyoosha mikono

Nina miche 40 ya parachichi kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche), nyuma ya nyumba hapa Morogoro. Kila nikiamka nakuta udongo umetapakaa, kokwa imeng'olewa, mche umelala. Panya buku! Wenzao pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Hawa wangu kazi yao kufukua tu.

Nilianza na wavu wa kuku. Matundu makubwa, jamaa akapenyeza mkono na kuchimba kama kawaida. Nikarudi dukani nikachukua wa matundu ya nusu inchi. Nakata duara, napasua hadi katikati ili shina lipite, kisha nabana na waya. Wiki ya tatu hii, hakuna kiriba kilichoguswa. Ila bei imechangamka, na kingo zake zinachana vidole vibaya sana.