RTL-SDR: kifaa kilichonifumbulia milio ya kwenye skana

Kama una skana ya redio ya kawaida na umechoka kunasa milio usiyoijua, nunua RTL-SDR, kifaa kidogo kinachoifanya kompyuta ipokee mawimbi ya redio. Hiyo ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Kwa nje ni kama flashi tu. Unakichomeka kwenye laptopu, unafunga antena, unaweka programu ya bure kama SDR++, umemaliza. Chipu yake, RTL2832U, ilitengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 mafundi wa mradi wa Osmocom wakatoa programu inayoigeuza kuwa redio ya masafa mapana. Kifaa chenye R820T, chipu ya kuchagua masafa, kinaanzia karibu MHz 24 hadi kupita 1,700.

Skana inakupa sauti ya masafa mamoja kwa wakati mmoja. Hiki kinakuonyesha MHz 2 hivi kwa mpigo, mawimbi yakishuka kwenye skrini kwa rangi. Kwangu mimi, hapo ndipo thamani yake yote ilipo.

Niko Mombasa, na skana yangu ilizoea kusimama karibu na MHz 162, ikitoa mlio mfupi kama kiberiti kinachowashwa, kisha kimya. Kwenye skrini fumbo lilikuwa wazi: safu mbili za nukta, moja kwenye 161.975, nyingine 162.025. Mtu akiongea, mchoro wake hupanuka na kusinyaa. Nukta hizi zilikuwa na upana uleule na urefu uleule, kwa hiyo ni mashine inayotuma data. Masafa hayo mawili ni ya AIS, mfumo ambao meli hutumia kujitambulisha. Nikafungua programu ya AIS-catcher, na majina ya meli yakaanza kumiminika pamoja na mwendo na namba zao za utambulisho. Tarakimu tatu za mwanzo za namba hutaja nchi: 634 ni Kenya, 677 Tanzania. Hata wingi wa nukta una maana, kwani meli kubwa iliyotia nanga hutuma mahali ilipo kila dakika 3, ila ikiwa safarini hutuma kila baada ya sekunde chache. Nilifurahi mno!

Tangu hapo nafuata utaratibu huo: kwanza masafa, halafu upana, halafu mdundo, sauti mwisho. Kisha nalinganisha na picha na sauti zilizoko kwenye tovuti ya Signal Identification Wiki. Redio za DMR, yaani redio za mawasiliano za kidijitali, kwa mfano, hunguruma zikisikilizwa kwa FM, na njia yake ni ya kHz 12.5 iliyogawanywa kwa zamu mbili za milisekunde 30. Kuitambua ni rahisi. Ikiwa imefungwa kwa msimbo, hutasikia neno. Na hata yakiwa wazi, mazungumzo ya watu siyaingilii. Nikishajua ni mtambo gani, nimepata nilichotaka.

Kasoro zipo. Ukiwa karibu na minara ya FM, stesheni zake huibuka mahali zisipokuwepo. Punguza nguvu ya kupokea: mawimbi ya kweli hufifia taratibu, mzuka hutoweka ghafla. Ukiudhika sana, tafuta kichujio cha kuzuia MHz 88 hadi 108. Mstari unaoganda katikati ya skrini popote unapohamia ni wa kifaa chenyewe. Mistari iliyopangana kwa nafasi sawa mara nyingi ni chaja au taa ya LED. Zizime moja moja utaipata.

Antena ndiyo ya kuwekea bidii. Usitegemee ile fupi ya ndani ya boksi. Kwa meli, waya wima wa sentimita 46 unatosha, ukiwa nje na juu. Uliye Nairobi au Dodoma, mbali na bahari, anza na ndege kwenye MHz 1,090: hapo waya wa sentimita 7 tu unatosha, na ndege hutangaza namba na kimo chake bila kuficha.