Benki ndogo ya Moshi yaingia mtandaoni: kutuma pesa safi, usajili bado

Wateja wa Kibosho na Marangu sasa hawana haja ya kushuka mjini kuangalia salio, wanaliona kwenye simu, na hilo ni jambo kubwa. Kasoro iko kwenye usajili. Kitabu cha akiba kina majina mawili, NIDA (kitambulisho cha taifa) ina matatu. Mfumo unalinganisha herufi kwa herufi, unakataa. Benki ilipaswa kusafisha majina kabla ya kuhamisha taarifa, siyo kumwachia mteja foleni. Nenda tawini na namba ya NIDA (tarakimu 20), kitabu, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako.

Kabla ya muamala wa kwanza, linganisha salio la kwenye simu na mstari wa mwisho wa kitabu. Likitofautiana, dai taarifa ya akaunti yenye muhuri.

Kutuma benki nyingine kupitia TIPS, mfumo wa Benki Kuu unaounganisha benki na mitandao ya simu, ni papo hapo. Mtandao ukikatika katikati, pesa ikatoka bila kufika, tafadhali usirudie: utatuma mara mbili. Nakili namba ya muamala, piga huduma kwa wateja. Marejesho husubiri usuluhishi wa hesabu, yaani benki zilinganishe kumbukumbu zao.

Menyu ya kitochi haihitaji intaneti, lakini hujifunga haraka. Andika namba ya akaunti pembeni kwanza.