Darasa la Fahirisi za Hisa, Ngamiani: Linafaa, Ila Halijafika Pongwe

Tangu Mamlaka ya Maji ya Tanga ilipouza hatifungani yake ya kijani, yaani hati ya mkopo wa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, mazungumzo ya soko la mitaji yametoka katika ofisi za benki na kuingia hadi kwenye vibaraza vya Ngamiani, na pamoja nayo yamekuja madarasa ya jioni ya kila aina. Mengi ni matangazo ya biashara yaliyovikwa joho la elimu. Hili ninalolihakiki linafanyika katika ukumbi wa kukodi na linaendeshwa na mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye hauzi hisa za mtu yeyote. Mada yake ni moja tu: namna fahirisi za soko, yaani namba zinazoonyesha kwa jumla kama hisa zimepanda au zimeshuka, zinavyotengenezwa, na kwa nini namba inayotangazwa jioni katika taarifa ya habari yaweza kumfurahisha au kumsononesha mwenye hisa bila sababu ya msingi. Ada ni shilingi 20,000, chai na maandazi ndani yake.

Nguvu ya darasa hili iko katika mfano ambao mwalimu aliuandika ubaoni kabla ya kutaja jina la soko lolote. Kampuni ya kwanza ina hisa milioni 10, kila moja shilingi 9,000. Ya pili ina hisa bilioni moja za shilingi 600. Ya tatu ina hisa milioni 775 za shilingi 400. Ukijumlisha bei hizo tatu unapata 10,000 kamili, na ukijumlisha thamani ya kampuni zote sokoni unapata shilingi trilioni moja, ambamo ile ya kwanza ina bilioni 90 tu. Kisha akapandisha hisa ya kampuni ya kwanza kwa asilimia 10. Fahirisi inayofuata bei ikapanda kwa asilimia 9, ilhali ile inayofuata thamani ya soko ikasogea kwa asilimia 0.9. Akaifuta, akapandisha ya pili kwa kiwango kilekile, na safari hii ile ya bei ikapata asilimia 0.6 huku ile ya thamani ikipata asilimia 6. Ukumbi ulinyamaza, kisha kila mtu akaanza kupiga hesabu upya kwa mkono wake, nami nikiwamo, maana mtu husita kuamini kwamba soko lilelile linaweza kutoa habari mbili zilizo mbali kiasi hicho.

Hapo ndipo alipoileta fahirisi ya Dow Jones ya Marekani, inayofuata bei, iliyoanzishwa na Charles Dow mwaka 1896 ikiwa na kampuni 12, na ambayo tangu 1928 ina kampuni 30. Kujumlisha bei na kugawanya kwa idadi ya kampuni kulikuwa jambo la busara katika zama za penseli na karatasi, lakini mwalimu alionyesha vizuri sana mahali hesabu hiyo inapokwama. Ile kampuni yake ya kwanza ikiamua kuigawa kila hisa moja kuwa hisa kumi, bei yake inashuka hadi shilingi 900 na jumla ya bei inaporomoka kutoka 10,000 hadi 1,900, ingawa hakuna mwenye hisa aliyepoteza hata senti. Ili fahirisi isianguke kwa uongo, namba ya kugawia inabadilishwa kutoka 3 hadi 0.57. Ndiyo maana namba ya kugawia ya Dow leo haifiki hata 0.2. Namba hiyo huinusuru fahirisi, lakini hairudishi uzito uliopotea: kampuni iliyobeba asilimia 90 ya fahirisi jana, leo inabeba asilimia 47 tu. Apple ilipata hayo Agosti 2020, ilipoigawa kila hisa yake kuwa nne na kupoteza nafasi ya kwanza kwa uzito ndani ya Dow, ilhali katika S&P 500, fahirisi nyingine ya Marekani inayofuata thamani ya soko, mgawanyo huo haukupunguza uzito wake.

Kwa maoni yangu, mwalimu angeweza kuiacha Marekani mapema kidogo, kwa kuwa swali zito liliulizwa na mama mmoja mwenye hisa za benki.

“Mwalimu, wametangaza soko limepanda, mbona za kwangu zimelala palepale?”

“Mama yangu, kwanza tuulize ni fahirisi ipi waliyoitangaza.”

Akaeleza kwamba Soko la Hisa la Dar es Salaam lina fahirisi ya kampuni zote, DSEI, inayojumuisha hata zile zilizoorodheshwa pia Nairobi, kama vile KCB na East African Breweries, na lina TSI, yenye kampuni za ndani peke yake. Zote mbili hufuata thamani ya soko, kwa hiyo DSEI inaweza kupanda kwa sababu ya yaliyotokea Nairobi, au hata kwa mabadiliko ya thamani ya shilingi ya Kenya dhidi ya yetu, bila benki ya mama huyo kufanya lolote. Jibu hilo peke yake lilitosha kurudisha ada.

Lakini zipo kasoro, na ya kwanza inaniudhi kama mtu wa Tanga. Tanga Cement, ambayo kiwanda chake kiko Pongwe, imo sokoni tangu 2002 na kwa muda mrefu ilikuwa na hisa zipatazo milioni 63.7, wakati CRDB ina zaidi ya bilioni 2.6. Kwa miaka mingi hisa moja ya saruji yetu iliuzwa ghali kuliko hisa moja ya CRDB, kwa hiyo katika fahirisi inayofuata bei kiwanda cha Pongwe kingeizidi benki hiyo uzito, jambo ambalo thamani ya kampuni hizo mbili haiungi mkono hata kidogo. Mfano huo uko mlangoni petu, wala haukutajwa.

Kasoro ya pili ni kwamba njia ya thamani ya soko ilisifiwa mno. Nayo ina ugonjwa wake, kwani kampuni moja kubwa inaweza kuimeza fahirisi nzima. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya yenye hisa bilioni 40, kuna vipindi imepita nusu ya thamani ya soko lote la Nairobi, na fahirisi ya hisa zote ya huko imekuwa ikiyumba nayo. Isitoshe, hisa nyingine haziuzwi kabisa: asilimia 75 ya Kampuni ya Sigara Tanzania ni mali ya JTI, kampuni ya kimataifa ya tumbaku. S&P 500 ilikwisha kuhamia mwaka 2005 kwenye kuhesabu zile hisa tu zinazoweza kununuliwa na umma, na suala hilo lilistahili angalau nusu saa, kwa sababu mnunuzi mdogo hujikuta akigombania hizo chache zilizobaki.

Kijitabu cha darasa kiko kwa Kiingereza kitupu, ingawa mafundisho yote yalitolewa kwa Kiswahili safi. Anayetaka kuhudhuria na aende na kikokotoo chake, maana cha ukumbini ni kimoja na hakivuki safu ya mbele.