OCRE: Tathmini ya hazina ya mtandaoni iliyonifunulia mwaka wa dinari yangu

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaifahamu dinari kabla hajaiona. Ndiyo sarafu aliyoletewa Yesu alipoulizwa habari za kodi, naye akataka kujua sanamu na anwani iliyo juu yake ni ya nani. Mkusanyaji wa sarafu za fedha za Dola ya Roma hulirudia swali hilo kila anapopokea sarafu mpya, na akishalijibu hukabiliwa na la pili lililo gumu zaidi: ilifuliwa mwaka gani? Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilijibu swali hilo la pili kwa msaada wa OCRE (Online Coins of the Roman Empire), hazina ya mtandaoni ya sarafu za Roma isiyotoza hata senti moja. Nimeitumia vya kutosha kuweza kusema inapofaa na inapokwama, na naamini anayeanza kukusanya anapaswa kuifahamu kabla hajanunua sarafu yake ya kwanza.

OCRE imetengenezwa na American Numismatic Society, chama cha wataalamu wa sarafu chenye makao yake New York, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa dunia ya kale ya Chuo Kikuu cha New York. Msingi wake ni orodha ya vitabu iitwayo Roman Imperial Coinage, ambayo wakusanyaji huiita RIC, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1923 na kufikia juzuu ya kumi mwaka 1994. Vitabu hivyo ni vizito na bei yake ni kubwa. Binafsi sijawahi kukutana na hata juzuu moja katika duka la vitabu la Afrika Mashariki. OCRE imekusanya aina za sarafu zilizoorodheshwa humo, zaidi ya 40,000, tangu Augustus mwaka 31 kabla ya Kristo hadi kifo cha Zeno mwaka 491, na kila aina imepewa ukurasa wake wenye jina la Kaisari, mahali ilipofuliwa, madini, maandishi ya pande zote mbili, maelezo ya picha na mwaka. Kwa aina nyingi kuna pia picha za sarafu halisi zilizohifadhiwa New York, London, Berlin na kwingineko.

Sarafu niliyoipimia huduma hii niliinunua kwa njia ya posta kutoka kwa muuzaji mmoja wa Ulaya. Ni dinari yenye upana wa kucha ya kidole gumba, yenye rangi ya kijivu iliyokoza kwenye mabonde na kung'aa kwenye pua na mashavu ya Kaisari. Kadi iliyofuatana nayo iliandikwa "Antoninus Pius, 138–161". Nilipoiweka chini ya kioo cha kukuzia, maandishi ya upande wa kichwa yalisomeka IMP M AVREL ANTONINVS AVG, na upande wa nyuma alisimama mwanamke aliyeshika tufe kwa mkono mmoja na pembe ya neema kwa mwingine, akizungukwa na maneno PROV DEOR TR P XV, kisha sehemu iliyosagika, kisha COS III. Ni rahisi kuona jinsi muuzaji alivyopotea. Jina Antoninus lilibebwa na watawala kadhaa mmoja baada ya mwingine, na mtu mwenye haraka akiliona neno hilo moja hutosheka. Hata hivyo mwenye haraka hafai kuandika kadi ya sarafu, kwa sababu mnunuzi wa kesho ataiamini kadi hiyo kuliko macho yake.

Katika OCRE kuna ukurasa maalumu wa kutambua sarafu, ambapo mtumiaji huchagua madini, sura ya mtawala na herufi anazoziona, na orodha ya aina zinazolingana hupungua kwa kadiri anavyoongeza taarifa. Nilipoingiza herufi za upande wa kichwa, Antoninus Pius aliondoka na Marcus Aurelius akabaki. Namba za upande wa nyuma zilithibitisha jambo hilo kwa njia iliyonifurahisha zaidi. TR P ni kifupi cha mamlaka ya tribuni, yaani ya afisa wa Kirumi mtetezi wa raia wa kawaida, ambayo Makaisari walihesabu kuwa wanayapokea upya kila mwaka, na COS ni hesabu ya mara ambazo mtu amekuwa konsuli, cheo cha juu cha serikali ya Roma; COS III ni mara tatu. Antoninus Pius alipofikisha mwaka wake wa 15 wa mamlaka hayo alikuwa tayari konsuli mara nne tangu mwaka 145, kwa hiyo sarafu yake halali ya mwaka huo haiwezi kusema COS III. Marcus Aurelius, kwa upande wake, alipewa mamlaka ya tribuni mwaka 147, akiwa bado mrithi, na ndiyo maana sarafu zake za kwanza kama Kaisari haziandiki mwaka wa kwanza bali wa 15. Hesabu hiyo iligeuka kila tarehe 10 Desemba. Pius alifariki tarehe 7 Machi 161; basi dinari ya Kaisari Marcus yenye TR P XV kamili haina budi kuwa imefuliwa kati ya Machi na Desemba mwaka huohuo. Ni vitu vichache sana vya umri wa zaidi ya miaka 1,800 ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvishika mkononi na kuvitajia miezi yake.

Lakini palikuwa na ile sehemu iliyosagika. OCRE ilinionyesha kuwa mwanamke yuleyule, ambaye ni Providentia, yaani uangalizi wa miungu, alichorwa kwenye dinari za TR P XV, XVI na XVII bila mabadiliko makubwa. Picha pekee haikuweza kuamua, na COS III haikusaidia kwa sababu Marcus hakuwa konsuli tena baada ya mwaka 161 ingawa alitawala hadi 180. Nilizima taa ya chumba, nikawasha tochi ndogo na kuilaza karibu usawa wa meza ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu kwa ubavu. Baada ya V kilitokea kivuli cha mstari mmoja uliosimama, chembamba kama uzi, na kuanzia hapo hadi herufi C palikuwa patupu. Nililinganisha na picha za OCRE, moja baada ya nyingine, kwa karibu saa nzima. Chapa za kufulia zilichongwa kwa mkono na nafasi kati ya herufi hutofautiana kati ya chapa na chapa, kwa hiyo picha hizo hazikuwa hukumu ya mwisho. Hata hivyo zilinitosha kuamini kuwa mstari ni mmoja, yaani XVI.

Bahati kama hiyo haipatikani kwa kila sarafu, na hapa wanaoanza huilaumu OCRE bila haki. Dinari ya Tiberius yenye maneno PONTIF MAXIM na mwanamke aliyeketi, ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo ile ya Injili, haina namba ya mwaka, na ilifuliwa kwa sehemu kubwa ya utawala wake wa kati ya mwaka 14 na 37. Wataalamu huigawa katika makundi kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, miguu ya kiti ilivyochorwa. Trajan naye kwa kawaida aliandika TR P bila hesabu, hivyo dinari zake nyingi za COS V hubaki katika kipindi chote cha 103 hadi 111. OCRE huonyesha kipindi hicho kama kilivyo. Naona huo ni uaminifu, kwani muuzaji anayetaja mwaka mmoja kamili kwa sarafu ya namna hiyo anaongeza kitu ambacho sarafu yenyewe haikusema.

Kasoro yake ya kweli ni kwamba hubeba umri wa vitabu vyake. Juzuu inayomhusu Marcus Aurelius ilitoka mwaka 1930 na ya Septimius Severus mwaka 1936, na tangu hapo zimeonekana sarafu ambazo waandishi wake hawakuzijua. Ukiikosa sarafu yako humo, usikimbilie kusema ni bandia. Jambo la pili ni zito zaidi: ukiikuta, usikimbilie kusema ni halali, kwa kuwa mghushi hunakili aina zilizopo. OCRE haikusudiwi kupima uhalali, wala haitaji bei. Kwa hilo niliipeleka dinari yangu kwa fundi sonara ninayemwamini, ambaye mizani yake ilisoma gramu 3.2, uzito unaokubalika kwa wakati huo. Aliukagua ukingo wote akitafuta mshono wa kalibu, vitundu vya hewa, au wekundu wa shaba ambao hujitokeza pale fedha iliyopakwa juu ya kiini cha shaba inapochubuka, asione hata kimoja. Nilipomweleza kuwa miaka 30 na kitu baadaye Severus aliishusha fedha ya dinari hadi karibu nusu, aliigeuza tena kiganjani na kuitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kwa matumizi ya kila siku, huduma hii inahitaji subira. Maelezo ya aina ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, orodha ndefu za matokeo husumbua kwenye skrini ya simu, na asiyejua vifupisho vya Kilatini atajikwaa wiki za mwanzo. Mimi naipa alama 9 kwa 10 kwa mkusanyaji wa dinari, na hiyo moja naipunguza kwa sababu ya juzuu za zamani. Ukurasa wa kila aina una anwani yake ya kudumu, nami huinakili kwenye kumbukumbu zangu pamoja na namba ya RIC, uzito, na jina la niliyemnunulia, ili mwingine aweze kuikagua kazi yangu na kuisahihisha akiona mstari nisiouona. Kadi ya muuzaji sikuitupa. Ipo nyuma ya kadi mpya, ambayo juu yake nimeandika: Marcus Aurelius, Roma, Desemba 161 hadi Desemba 162.