Tahadhari: kofia za mashine zinauzwa kwa jina la kofia za mkono

Ndugu wanunuzi wa kofia za viua, yaani zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, hasa ninyi mlioko Muscat na Ulaya mnaoagiza kwa kuangalia picha tu, jihadharini na muuzaji anayetangaza mitandaoni "kofia za mkono za Zanzibar" ilhali anatuma kofia zilizodariziwa kwa mashine. Mimi ni mshonaji wa kofia hapa Unguja, na wateja wake wamekuwa wakiniletea kofia hizo nizirekebishe. Picha anazozitumia ni za kazi za akina mama wengine, zikiwamo zangu, alizozichukua bila ruhusa.

Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, na yenye kazi nzito huchukua miezi. Mshonaji huchora ruwaza kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha pamba kilichopandanishwa, hutoboa kiua kimoja kimoja, kisha huuzungushia uzi ukingo wa tobo ili usifumuke. Mistari ya mapambo inayopita kati ya viua hushonwa kwa mishono midogo iliyokaribiana, na mishono hiyo, ikisaidiwa na wanga, ndiyo inayoifanya kofia isimame. Anayelipia kazi hiyo ana haki ya kuipata.

Igeuzeni kofia ndani nje. Katika kofia za muuzaji huyu utaona uzi wa chini wa mashine, mweupe hata pale ambapo uzi wa juu ni wa kahawia au wa dhahabu, na nyuzi zinazoruka kutoka pambo moja hadi jingine bila kukatwa. Viua vyake havina tobo, ni duara la uzi lililolazwa juu ya kitambaa, kwa hiyo ukiiinua kofia kwenye mwanga hakuna nuru inayopenya, na kichwa hakipati hewa. Badala ya mishono, kinachoisimamisha ni gamu, yaani kitambaa kigumu chenye gundi, iliyobandikwa kwa pasi. Ikifuliwa, gamu huachia, kitambaa kikafura hapa na pale, na wanga hauwezi kuirudisha katika umbo lake. Zile nilizoletewa sikuweza kuziokoa.

Kofia ya mashine si haramu, na wapo wanaoiuza kwa uaminifu kwa jina lake na kwa bei yake. Ninachokilalamikia ni kutozwa watu thamani ya jasho ambalo halikutoka.

Muuzaji huyu hudai malipo yote mapema kwa simu, akisisitiza kwamba Idi imekaribia na kofia zimebaki chache. Akiombwa picha ya upande wa ndani, hurudia kutuma ile ile ya nje. Mteja akilalamika hufungiwa, na baada ya muda ukurasa mwingine hufunguliwa kwa jina jipya. Ndiyo sababu nimeeleza mwenendo wake badala ya jina.

Kabla ya kulipa, ombeni video inayoonyesha kofia ikigeuzwa na kuinuliwa kwenye mwanga, pamoja na karatasi yenye jina lako kando yake. Toeni kianzio tu, na mkiwa na jamaa mjini, aikague kofia mkononi ndipo salio lilipwe. Waliokwisha kutapeliwa wasifute ujumbe wowote wa mazungumzo wala wa muamala, wauwasilishe polisi, kwani udanganyifu wa namna hii umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015.