TAHADHARI: "Tiketi za Robben Island" zinazouzwa nje ya Clock Tower, Cape Town

Randi 1,900 kwa kichwa, watu sita, jumla 11,400. Na Robben Island, kisiwa cha gereza alikofungwa Mandela, hatukuikanyaga. Tumeiona kwa mbali, kama unavyokiona kisiwa cha Bongoyo ukiwa Msasani, Dar. Wale wa safari ya Desemba mnajua ilivyokuwa na nani alimlaumu nani kwenye gari, sirudii. Hii ni kwa wanaojiandaa kwenda.

Jamaa anasimama Waterfront, eneo la bandarini la watalii, kati ya lile daraja linalozunguka kupisha boti na ule mnara mwekundu wa saa, hatua chache kabla ya mlango wa Nelson Mandela Gateway, feri zinakoondokea. Amepachagua, maana kila anayetafuta feri lazima apite hapo. Koti la njano la kung'aa, tableti mkononi, kitambulisho shingoni kimegeukia kifuani kiasi kwamba picha huioni. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Alisikia Kiswahili, akaja moja kwa moja kwa mama: "Shikamoo mama. Mmetoka Dar au Tanga?" Kiswahili cha pwani kabisa, si cha kujifunzia ukubwani.

Hapo ndipo tulipoliwa. Mtanicheka, lakini subirini na ninyi mfike ugenini, upepo unawapiga, halafu mtu amwamkie mzazi wenu. Watanzania wapo Cape Town miaka mingi, wengi waliingia kupitia bandari, na wengi ni watu safi. Huyu anakula kwa jina lao.

Wala hakukimbilia kuuza. Alifungua ukurasa wa kuuzia tiketi wa makumbusho ya Robben Island yenyewe, akatuonyesha kwa kidole: safari ya saa tatu imejaa, saa tano imejaa, saa saba imejaa. Tukakagua kwenye simu zetu. Kweli imejaa! Desemba nafasi huisha siku nyingi kabla. Uongo wake aliupandisha juu ya ukweli, ndiyo maana ulikaa. Kisha akashusha sauti: kampuni yao ina boti ya pembeni, asubuhi kisiwani, mchana pengwini na rasi ya Cape Point, viingilio vyote ndani. Mama akauliza, "Tunashuka kisiwani?" Akajibu: "Mama, mtaliona gereza lote, mpaka jengo la Mandela."

Sikilizeni hilo jibu. Hakusema ndiyo. Sita kati yetu, wawili wana digrii, hakuna aliyelishika.

Malipo sasa. Mashine ya kadi ya kwanza "mtandao unasumbua", akaitia mfukoni, akatoa ya pili, ikapita. Usiku benki inaonyesha zote mbili zimekata, kwa majina mawili tofauti, na moja ni jina la duka la nguo. Risiti "itakuja WhatsApp". Tukafungwa bendi za karatasi za kijani mkononi kama watoto wa shule kwenye ziara, tukavushwa daraja kurudi tulikotoka. Mlango halisi wa feri tuliupa mgongo wenyewe, tena tukicheka.

Boti ilikwenda vizuri mpaka mnara wa taa wa kisiwani ukaonekana. Hapo injini ikapunguzwa, tukaanza kuyumba, watu wakatapika, na kijana mwenye kipaza sauti akanyoosha mkono: pale ndipo Mandela alipofungwa miaka 18. Dakika kumi na tano, tukageuza. Kumuuliza mbona hatushuki, akashangaa yeye: boti yao haijawahi kushusha mtu, wao wanauza matembezi ya baharini, na yule wa nje alilipia viti sita tu kama mteja yeyote. Kwa hiyo msiwatukane watu wa boti.

Ukweli ambao ungetuokoa ni mfupi: ziara za kushuka Robben Island ni za makumbusho yenyewe tu. Boti binafsi inazunguka kwa nje. Ziara halisi, pamoja na kuvuka, inachukua kama saa tatu na nusu: basi la kisiwani, machimbo ya chokaa, nyumba alimotengwa Robert Sobukwe, kiongozi aliyepinga ubaguzi wa rangi, halafu gerezani unatembezwa na mtu aliyewahi kufungwa humo. Sasa ukiambiwa "saa moja na nusu mnarudi", piga hesabu mwenyewe kama kuna kushuka hapo.

Mchana ulikuwa mwendelezo wa aibu ileile. Kwenye mji wa Simon's Town, kwenye pengwini, dereva alitushusha Seaforth, ufukwe wa jirani usio na kiingilio, ambako pengwini wachache hujipitia. Tukaona watatu, mmoja kalala nyuma ya uzio. Kundi lenyewe liko Boulders, unalipa getini, unatembea kwenye njia ya mbao mpaka Foxy Beach. Tukalipa upya kwa mfuko wetu. Na hapa mshike jambo: hifadhi za taifa kule zina bei ya raia wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, chini ya ile ya wageni wengine, ukionyesha pasipoti. Mtanzania na Mkongo wa DRC mnaingia humo, Mkenya hapana. Yule jamaa alitukatia bei ya "wageni wa kimataifa" kwa viingilio ambavyo hata hakulipa! Cape Point "muda umeisha". Njiani dereva akatuhubiria kwamba pale ndipo bahari mbili, Atlantiki na Hindi, zinapokutana, na hata hilo si kweli, mpaka wa bahari hizo ni Cape Agulhas, mbali kusini-mashariki.

Lile gereza lingekuwa linafanya kazi bado, ningeomba apewe chumba humo. Angalau yeye angeshuka. Mtu anayemwamkia mama yako shikamoo huku anamhesabia pochi, faini haimtoshi. Anyang'anywe mashine, awekwe picha yake kila nguzo ya Waterfront, arudishe hela moja moja mbele ya watu.

Dalili za tapeli? Nyingine nimeshazitaja. Kitambulisho: sheria ya kule inamtaka mwongoza watalii awe amesajiliwa na awe na kadi na beji, mwambie akigeuze, asome jina lake. Anayekuondoa Gateway badala ya kukuingiza. Mashine mbili. Na kuna wimbo wa kiangazi: "feri imefutwa kwa upepo, lakini boti yetu inaenda." Upepo wa kusini-mashariki ni kweli unasimamisha feri, na magari ya kebo ya kupandia mlima Table Mountain pia, lakini bahari iliyoishinda feri haitakionea huruma kiboti. Ingia ndani ya Gateway, uliza kaunta, ni hatua ishirini. Sisi hatukuzipiga.

Waliokwisha kuliwa: piga benki siku hiyohiyo upinge muamala wa pili, na ripoti polisi upate namba ya kesi, benki wataiulizia.

Koti la njano, tableti imepasuka kioo kona ya kushoto. Ukisikia shikamoo kabla hujaona uso, ni yeye.