Uzoefu wangu: Krismasi Masaka, familia safi, wakala ovyo

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nasoma Kampala mwaka wa pili, na Krismasi iliyopita nimekwenda kuila Masaka kwa Wakatoliki. Hosteli yetu hufungwa wiki ya sikukuu, nauli ya basi la kurudi nyumbani msimu ule haishikiki, na njiani kwenyewe unamaliza siku nzima na zaidi. Rafiki akanipa namba ya wakala anayewatafutia wageni familia za kukaa nazo likizo. Jina lake silitaji.

Bei yake ilikuwa shilingi 420,000 za Uganda kwa siku saba, kulala na kula, nusu unatanguliza kwa simu. Akaniletea fomu ndefu utadhani naomba kazi benki. Unakula nini, huli nini, dini gani, unaogopa mbwa, unalala na taa? Nikajaza yote. Kwenye chakula niliandika kwa herufi kubwa: NYAMA YA NGURUWE SILI. Kumbe fomu ile haikusomwa na kiumbe yeyote.

Safari haina mengi. Niliambiwa "panda taksi" nikashtuka bei, hadi nikakumbuka kwamba taksi kwa Waganda ndiyo daladala yetu. Nauli ilikuwa imepanda karibu maradufu, maana Kampala yote ilikuwa inarudi kijijini siku hizo. Pale Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta dereva hakusimama hata kwa heshima. Lukaya ndipo aliposimama, na vijana wakavamia madirisha na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, ndizi tamu mithili ya mzuzu wetu. Gonja nilinunua. Kuku niliacha, sijui kachinjwa na nani.

Nikafika jioni. Mama wa nyumba akanipokea mlangoni kwa kupiga magoti, mimi mtoto wa kumzaa. Nikababaika, nami nikapiga magoti, tukawa wawili chini tunaulizana habari za safari, "Webale kujja, webale kujja," asante kwa kuja. Kisha akafunua chungu kwa furaha. Alikuwa amenipikia kitimoto.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama alikuwa amenunua nyama anayoijua kuwa ndiyo ya mgeni wa heshima, akaipika tangu mchana, na wakala hakumwambia hata neno moja, hata kwamba mgeni anavaa hijabu. Mama akaficha uso kwa kitambaa. Aliyetuokoa ni mume wake, Taata, mwanajeshi mstaafu, aliyesimama mlangoni akapaza sauti kama yuko gwaride: "Hapana shida! Wewe nakula kuku. Sasa hivi mimi naita Hajji!"

Na kweli akamwita. Hajji ni jirani, nyumba ya tatu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Buganda ni desturi ya siku nyingi kumwachia Mwislamu kisu, ili nyama iliwe na kila atakayeingia. Kwa hiyo mkesha wa Krismasi Hajji alikuwa mtu mwenye shughuli kuliko padri, anazunguka nyumba za Wakatoliki na kisu chake amekifunga gazeti, kila nyumba anaondoka na paja. Asubuhi Mama akaenda mjini akarudi na sufuria mpya. Akalikwaruza alama ya msumari kwenye mpini na kutangaza kwa nyumba nzima kwamba hili ni la Mutanzania, atakayetia nguruwe humu atakula yeye na sufuria.

Chumba sina la kusema. Godoro zuri, chandarua kizima, choo cha nje kisafi, umeme wa kuja na kuondoka. Atakayekwenda huko kwa ajili ya chumba bora akae hotelini.

Nataka nikae kidogo kwenye lugha, maana hilo fomu haikuuliza kabisa, na ndilo lililobeba wiki yangu. Taata alikuwa na Kiswahili cha kambini. Hakina ngeli, kina amri. "Leta ile kiti." "Mutoto yangu iko wapi?" Lakini alikipenda mno, na kila nikifungua mdomo alikuwa anacheka peke yake kwa utamu wa "tafadhali" na "samahani", maneno ambayo anasema kambini hayakugawiwa. Kijana wao wa sekondari naye alikuwa na daftari la Kiswahili, kwa sababu tangu 2022 serikali yao imeamua kifundishwe shule zote kwa lazima. Jioni tatu nzima nilimfundisha ngeli ya ki-vi, na baba yake akikaa kando kusikiliza, kisha anarudia yaleyale ya "ile kiti".

Jjajja, mama yake Taata, ndiye hakutaka kukisikia. Siku ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo" kwa adabu zangu zote za Tanga. Akanitazama kama nimemdai pesa. Mama akanisaidia, akamweleza kuwa mgeni anatoka Tanzania. Jjajja akauliza swali moja tu, la Kiganda, nami nikasikia neno "bakombozi" humo ndani. Ndivyo walivyowaita askari wetu wa 1979. Masaka ulipigwa mizinga Februari mwaka ule hadi mji ukabaki magofu, na yeye alikimbilia mashambani na watoto, Taata mgongoni. Sisi shuleni tulifundishwa vita vya Kagera kwa upande wa ushindi. Sikuwa nimewahi kukaa meza moja na mtu aliyekuwa chini ya mizinga ile huku akiwaombea walioirusha washinde. Alisema walimwondoa Amin, asante. Alisema pia walichukua redio yake. Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile.

Kisha nikafanya kosa langu. Jioni ya tarehe 24 tulikuwa tunakwenda misa ya usiku, yaani wao wanaingia, mimi nilitaka tu kuona watu na taa. Jirani alileta gari, watoto wanachezacheza uwanjani, nami nikawapigia makofi: "Haya, haya, panda gari twende!" Jjajja alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye gari. Akauteremsha. Akarudi ndani akakaa, na misa ya Krismasi akaikosa.

Nilielezwa kesho yake jikoni. Miaka ya mwanzo ya themanini, wakati wa utawala wa pili wa Obote, askari walikuwa wanazingira mtaa alfajiri, wanaleta malori, na amri waliyotoa ilikuwa hiyohiyo, kwa Kiswahili hichohicho: panda gari. Waganda wa umri ule hadi leo wanaita msako ule "panda gari", kama jina la ugonjwa. Wengine walipandishwa wakarudi, wengine hapana. "Mdogo wake Jjajja alipanda," Mama akasema, akaendelea kumenya matooke.

Nilikwenda kumwomba radhi, Taata akiwa mkalimani, na ndiyo siku pekee niliyomsikia Taata akisema Kiswahili taratibu. Jjajja hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema: "Linnya emmotoka." Nikadhani ananifukuza. Kumbe ananifundisha namna ya Kiganda ya kumwambia mtu apande gari. Akanirudisha mara saba au nane, kila nikikosea anagonga goti langu kwa kidole, hadi nikalitamka akaridhika. Baada ya hapo akaniruhusu kukaa naye jikoni.

Na jikoni siku ya Ssekukkulu, ndilo jina lao la Krismasi, ndipo pesa yangu iliporudi. Luwombo hupikwa hivi: unachukua jani changa la mgomba lisilo na tundu, unalibabua motoni likalainika, unachonga ule mshipa wa katikati usilipasue, unalikunja mfuko, unatia kuku na mchuzi wa karanga zilizotwangwa, unafunga kwa kamba ya mgomba. Kila mtu na fundo lake. Mafundo yanapangwa juu ya matooke yaliyokwisha kufungwa majani nayo, chini kuna makuti ya mgomba na maji kidogo, na yote yanaiva kwa mvuke tangu asubuhi. Mimi nilipasua majani manne. La tano likakubali. Ukilifungua mezani, moshi wa jani na karanga unakuingia puani, utasahau nazi, na mimi ni mtu wa nazi.

Nikajitia na pilau langu. Viungo nilivibeba kutoka Kampala, nyama ya Hajji, nikapika kwa moyo wote. Wakalisifu, wakalila. Jjajja alimaliza sahani yake, akafuta mkono, akauliza kwa upole: "Emmere eri wa?" Chakula kiko wapi? Kwao chakula ni matooke. Mengine yote ni mboga.

Senene, panzi wa kuliwa, tulikula pia, msimu ulikuwa unaishia. Masaka wanawatega usiku kwa taa kali, mabati na mapipa. Senene wanagonga bati wanateleza hadi ndani ya pipa. Watu wa Bukoba hawatashangaa, mimi wa pwani nilifumba macho. Wana ladha ya dagaa waliokaangwa wakakauka. Mama mwenyewe hagusi, yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na Mganda hali mwiko wa ukoo wake. Aliwakaanga, akaonja chumvi kwa kunusa tu.

Sasa turudi kwa wakala. Siku ya tano alinipigia akidai shilingi 50,000 za "nyongeza ya sikukuu". Nikamuuliza Mama kama ni za kwake. Hakuelewa nasema nini. Katika kuelezana ndipo nikajua kwamba kati ya 420,000 zangu, nyumba ile ilikuwa imepewa 150,000, na humo ndimo walimotoa kuku, sufuria na kilo za nyama ambayo sikuila. Nyongeza sikulipa. Nilinunua sukari, sabuni na gunia dogo la mchele, nikamkabidhi Mama mkononi. Alikataa mara mbili kama inavyopasa, ya tatu akapokea.

Mtu akiniuliza kama aende, namwambia aende, lakini aombe namba ya familia kabla ya kulipa nusu ya pili. Wakala akigoma kuitoa, tafuta mwingine. Ongea mwenyewe na mama wa nyumba, mwambie unachokula. Uliza wanasema lugha gani, na nani hapendi kuisikia ipi. Msichana ajiandae kupiga magoti anapoamkia wakubwa. Hakuna atakayekulazimisha, ila ukisimama wima utajiona mrefu kama mnazi. Na mwenye haraka ya kula asiende, kwa sababu chakula cha saa saba huiva saa kumi.

Nyumba naipa nyota tano. Wakala nampa moja, na ni kwa sababu simu alikuwa anapokea.

Siku ya kuondoka nilifungiwa entanda, masurufu ya njiani: mkungu wa matooke, karanga, na kuku jike mzima, miguu imefungwa, kutoka kwa Jjajja. Kukataa huwezi. Utingo alitaka nimlipie kuku nauli, tukabishana hadi Lukaya, tukakubaliana 2,000. Kuku yule sasa anaishi kwa mlinzi wa hosteli yetu na anataga, mayai tunagawana.

Juzi wakala ameniandikia kuniuliza kama nitahitaji familia kwa Pasaka, ana punguzo. Sikumjibu. Namba ya Mama ninayo.